Kopo la Daktari Vaimoana

"Kitendawili!" alisema Daktari Vaimoana.

"Tega!" wakaitikia wanawake wa kijiji cha Fotuloa, ukumbi mzima wa kanisa, mapepeo yao yakisimama hewani.

"Nina mfuko wangu. Naujaza kila siku, naenda nao kila niendako, na tangu nizaliwe sijauona."

Wakafikiri. Mmoja akasema moyo. Mwingine akasema dhambi, na hapo ukumbi ukaangua kicheko kwa sababu mke wa mchungaji alikuwa ameketi karibu naye. Mwishowe mama mmoja mnene wa safu ya mbele akajipiga kofi tumboni, paa! akasema, "Si huu hapa? Na asubuhi nimeujaza viazi vikuu!"

"Umepata," akasema Vaimoana. "Ila mimi mwenzenu nimeuona. Nimeiona mingi, kwa ndani, na taa juu."

Ilikuwa kweli. Vaimoana alikuwa daktari bingwa wa magonjwa ya tumbo, wa kwanza kutoka kijiji kile, na ukitaka kujua alifikaje huko, swali moja tu lilimvuta. Alipokuwa daktari mchanga kule Nuku'alofa, mji mkuu, alikuwa akipokea wanaume wazima, wacheza raga wenye mapaja kama nguzo, wanatapika damu kwa vidonda vya tumbo. Anawatibu, wanapona, wanamletea kikapu cha samaki cha asante. Mwaka haujaisha, huyo tena mlangoni, kajishika tumbo. Vaimoana akajiuliza: mbona wanaugua tena?

Swali hilo lilimpeleka Suva, likampeleka Auckland, likamfundisha kuingiza mpira mwembamba wenye kamera kwenye koo la mtu na kusoma ukuta wa tumbo kama wewe unavyosoma gazeti. Akamjua mkosaji, kijidudu kidogo kinachoishi tumboni miaka na miaka bila kulipa kodi. Akajua pia kwamba kinahama kutoka mtu hadi mtu ndani ya nyumba, kwa mama anayemtafunia mtoto chakula, kwa vidole vinavyokutana kwenye sinia moja. Ukimtibu mmoja, wenzake wanamrudishia, kama jirani anavyokurudishia bakuli lako likiwa limejaa.

"Basi tutibu kijiji kizima, wiki moja, kwa pamoja," aliwaambia wakubwa wa utafiti huko Auckland.

"Kijiji kizima?" wakasema, wakatazamana.

Aliandika maombi, yakakataliwa. Akaandika mengine. Mvi ya kwanza ilimtoka akiandika, na ya pili, na baadaye akaacha kuzihesabu. Mwishowe wakakubali, kwa sharti. Kwanza apime choo cha watu wa Fotuloa, karibu wote, maana kutibu nusu ya kijiji ni sawa na kuziba nusu ya tundu la mtumbwi. Makopo yafike maabara kwa ndege ya Jumamosi. Yasipofika, dawa zote na nafasi yote vitapelekwa nchi nyingine iliyokuwa ikisubiri kwenye foleni, na Fotuloa itabaki na vidonda vyake.

Ndiyo maana alikuwa amesimama pale ukumbini na kitendawili mdomoni na wasiwasi kifuani.

Na msidhani alikuwa amesahau kwao. Fotuloa mtu hazungumzi habari za tumbo na zinazofuata chini yake mbele ya dada yake au kaka yake. Hata kikohozi cha chooni dada asikisikie. Na binamu ni ndugu vilevile, wala pale hakuna asiye binamu wa mtu. Kwa hiyo Jumatatu Vaimoana alisema na wanawake peke yao, na Jumanne wanaume wakasema na Daktari Feleti, mtu wa visiwa vya Vava'u asiyekuwa na undugu na yeyote kijijini. Wanawake walicheka, wanaume walicheka, kila nyumba ikaondoka na mfuko mmoja wa makopo, kila kopo na jina la mtu juu yake kwa kalamu nene ili maabara wasikosee. Kopo likishatumika liwekwe kwenye friji. Alhamisi watu walete mifuko kwenye kasha lililo nje ya zahanati.

"Nami nitaanza, ili mwone si kitu," alikuwa amewaambia wanawake.

Akaanza kweli. Jumanne asubuhi alilitumia kopo lake, akaandika VAIMOANA kwa herufi ambazo hata asiye na miwani angezisoma, akaliweka kwenye friji ya nyumba aliyofikia. Nyumba yenyewe ilikuwa ya kaka yake mkubwa, Penisimani, ofisa wa kijiji, mtu mrefu mwenye sauti ya kuita mitumbwi.

Alhamisi ikafika. Vaimoana na binti yake Hulita, ambaye ni muuguzi na ndiye msaidizi wake katika utafiti, wakaketi kando ya kasha tangu asubuhi. Watu wakapita. Wakasalimia vizuri sana. Mwingine alileta ndizi, mwingine akaleta mkate wa nazi. Jioni walipofungua kasha walikuta mfuko mmoja tu, wa nyumba ya mchungaji.

"Kesho, Daktari," watu walikuwa wakisema kila alipouliza, macho yakitazama miguu yake. "Kesho, tukijaliwa."

Vaimoana aliwajua watu wake. Kesho ya namna ile haina asubuhi.

Akarudi nyumbani, akamkuta wifi yake Luseane, mke wa Penisimani, anakamua tui la nazi. Luseane alikuwa mwanamke mfupi, mchangamfu, ambaye kicheko chake kilimtangulia kila aendako. Siku mbili hizi alikuwa kimya kama aliyemeza kitufe.

"Wifi," alisema Vaimoana, "nikuulize, na unijibu kama mtu mzima. Watu wananikwepa. Nimewakosea nini?"

Luseane akakamua nazi kwa nguvu zaidi.

"Wifi!"

"Usiniangalie hivyo, nitacheka."

"Cheka basi, lakini sema."

"Kaka yako hajala hapa tangu Jumanne."

"Anaumwa?"

"Anaumwa friji," alisema Luseane, na hapo bwawa likapasuka. Akacheka mpaka nazi ikamponyoka ikabingirika uwanjani, kuku wakaikimbilia. "Jumanne mchana, wifi yangu, karudi kutoka shambani na kiu. Unajua amehamia banda la wanaume la kunywea kava tangu ulipofika, kwa heshima yako, asilale paa moja na dada. Kaingia kwa mlango wa nyuma kama mwizi kwenye nyumba yake mwenyewe, achukue maji ya baridi. Kafungua friji. Kaona nini?"

Vaimoana akaanza kuelewa. Alihisi masikio yanapata moto.

"Usiseme."

"Kopo! Mbele kabisa, karibu na siagi! Na jina la dada yake limeandikwa kama kibao cha duka!"

"Luseane, nimekuomba usiseme."

"Alifunga friji polepole, kama mtu anayefunga mlango wa mtoto aliyelala. Akatoka kinyumenyume. Nilikuwa dirishani nasuka mkeka, nimeona kwa macho yangu. Hakunywa maji hadi alipofika kwa jirani."

Vaimoana akajifunika uso kwa khanga ya jikoni. Yeye, aliyesimama mbele ya madaktari wa nchi ishirini akaonyesha picha za matumbo bila kupepesa! Kwa muda alitetemeka mabega, na Luseane akadhani analia, akamsogelea. Kumbe anacheka, ingawa machozi nayo yalikuwapo.

"Mungu wangu. Na kijiji kizima kinajua?"

"Wifi, hata mbwa wanajua. Sasa fikiria na wengine. Umewapa mfuko mmoja kila nyumba, makopo ya dada na kaka yanagusana bega kwa bega na majina juu. Nani aubebe? Kaka abebe la dada yake? Na akifika kwenye kasha lako amkute dada mwingine anatumbukiza la kwake, wasalimianeje? 'Habari za asubuhi, naona nawe umefanikiwa'?"

Wakacheka tena wote wawili, kisha kicheko kikamwisha Vaimoana ghafla, akaketi juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Alikuwa ametenganisha masikio ya watu, akasahau macho yao. Miaka yote ile ya kuandika, na kosa ameliweka kwa mkono wake karibu na siagi.

"Kesho ni Ijumaa," alisema. "Ndege ni Jumamosi. Na siwezi kwenda kumwomba msamaha, maana nikimwomba nitalitaja, na nikilitaja atahamia Fiji."

"Mimi nikimwambia ananijibu, 'Mambo ya dada yangu usiniletee.'"

Ndipo Hulita akaingia kutoka barabarani, amebeba paja zima la nguruwe wa kuchoma juu ya jani la mgomba, mafuta yanamchuruzika hadi kwenye viwiko.

"Umetoa wapi hilo?" akauliza mama yake.

"Kwa Mjomba Penisimani, bandani. Walikuwa wanajiandaa kula na wenzake. Nikaona paja limenona, nikalichukua."

"Ulimwomba?"

"Mama, nawe! Mpwa anaomba? Ni mjomba wangu. Nilisema, 'Mjomba, hili langu,' akasema, 'Chukua, mwizi mkubwa we,' wenzake wakacheka. Hakuna mkono uliolishika."

Akakata vipande, akawapa. Mpwa ana haki kwa mjomba wake, mtoto wa dada anachukua atakacho, awe nguruwe au mkeka mzuri wa harusi, na mjomba anayeona uchungu anautafuna kimyakimya. Wote watatu walikuwa wamezaliwa wameikuta haki hiyo. Vaimoana alikuwa ametia kipande cha kwanza mdomoni. Akaacha kutafuna.

"Hulita. Mpwa anachukua chochote?"

"Chochote."

"Na mjomba hawezi kukataa?"

"Akikataa ataishi wapi?"

"Na mpwa anaruhusiwa kumtania mjomba? Hata matusi kidogo?"

"Mama, kwa nini unanitazama hivyo? Nimeshiba. Chukua paja lote."

Vaimoana akamgeukia Luseane, na Luseane, ambaye hakuwa mjinga hata kidogo, akaanza kufunga khanga yake kiunoni vizuri kama mtu anayetumwa mbali.

Hawakusubiri hata usiku uingie. Kabla taa hazijawashwa kijijini walikuwa wameshabandika namba tu kwenye makopo mapya, majina yakibaki daftarini, na kila kopo limetiwa peke yake ndani ya mfuko wa karatasi wa mkate, umekunjwa juu. Ukiuona ungesema mtu ametoka kununua maandazi. Kisha Luseane akazunguka kwa wake wenzake. Makopo ya wanawake yatakusanywa na mawifi zao, kwani wifi kwa wifi hawana cha kufichana, wanachambana tangu siku ya harusi. Ya watoto, mama zao. Na ya wanaume, hao wanaotisha kwa sauti na kutetemeka mbele ya friji, watafuatwa na wapwa zao.

Ijumaa asubuhi Hulita akaenda bandani. Hakwenda mapema mno. Alisubiri hadi binamu zake wa kiume walipoelekea mashambani, maana hao ni kaka zake naye ana heshima yake. Waliobaki kuzunguka bakuli la kava, kile kinywaji chao cha mizizi, walikuwa wanaume wa rika la mama yake, kila mmoja wao mjomba kwake. Penisimani alikuwa katikati, ndevu hazijanyolewa, anaonekana kama mtu aliyelala juu ya mawe siku tatu.

"Mjomba," akasema Hulita, akaketi mlangoni kwa adabu.

"Mwanangu. Nguruwe amekwisha. Ulichukua paja tukabaki na masikio."

"Sikufuata nguruwe."

"Mkeka basi? Ule wa sebuleni mke wangu aliuacha wewe uchukue. Chukua."

"Wala mkeka."

Mzee mmoja kando, Sefanaia, mvuvi mwenye tumbo la kutangulia, akasema, "Anataka mtumbwi huyu! Penisimani, funga mtumbwi wako!"

"Sitaki mtumbwi, Mjomba Sefanaia. Ninachotaka ni kidogo sana. Mjomba wangu anacho, kila siku anacho, na mwenyewe hakitaki. Akikitoa anafurahi, asipokitoa anaumwa. Hajawahi kumpa mtu."

Banda zima likatafuta jibu. Wa kwanza kulipata alikuwa Sefanaia. Kava ikamtoka puani. Mwenzake akapiga goti, mwingine akajiangusha chali juu ya mkeka, na kicheko kikaruka kuta hadi barabarani. Penisimani peke yake hakucheka. Uso ulimgeuka rangi ya kiazi kitamu.

"Nani amekutuma?" akauliza taratibu.

"Sijatumwa. Nimekuja kudai haki yangu."

"Haki hiyo haipo."

"Haipo? Kumbe haki ya mpwa siku hizi inachagua? Paja ni langu, mkeka ni wangu, hicho tu ndicho chako?" Akawageukia wengine. "Wajomba zangu, nisaidieni. Imeandikwa wapi kwamba mjomba anaweza kumnyima mtoto wa dada yake?"

"Haijaandikwa!" wakapaza sauti.

"Mpe, Penisimani! Usiaibishe ukoo!"

"Mpe, na kama ni haba sisi tutakuchangia!"

Hulita akaweka mfuko wa mkate mbele ya mjomba wake. Penisimani akautazama kwa muda mrefu. Hakukuwa na jina juu yake. Hakukuwa na mfuko mwingine karibu yake. Palikuwa na namba tu, na yeye, na mpwa wake anayetabasamu. Akapumua kwa pua.

"Kesho alfajiri," akasema. "Nyuma ya banda. Na uje peke yako."

Wenzake wakapiga makofi kama waliofunga goli. Sefanaia alikuwa bado anajifuta machozi.

"Wewe cheka tu, mjomba," Hulita akamwambia. "Geuka nyuma."

Sefanaia akageuka. Mlangoni alikuwa amesimama mpwa wake, mwanamke mzima mwenye watoto wanne, na mfuko wa mkate mkononi.

Siku ile Fotuloa kazi hazikufanyika. Wapwa walifukuza wajomba zao kati ya migomba. Mjomba mmoja alijifungia ndani, mpwa akaketi kwenye ngazi akaimba wimbo aliotunga juu yake, ubeti baada ya ubeti, kila ubeti mbaya kuliko uliopita, hadi mlango ukafunguka. Mawifi nao walipita nyumba kwa nyumba na Luseane mbele kama jemadari, na ungesikia, "Wifi, umemaliza au nikuletee papai?" Vaimoana alibaki zahanati kwa adabu, mlango umefungwa, kwa kuwa yeye ni dada wa nusu ya waliokuwa wakifukuzwa. Alisikia tu vicheko kutoka kila upande na hakujua kama vinaleta makopo au vinaleta kicheko peke yake.

Jumamosi asubuhi Hulita akabisha, akafungua mlango kwa mgongo kwa sababu mikono ilikuwa imejaa. Nyuma yake walikuwa wengine. Mifuko ya mkate ikapangwa mezani, ikajaza meza, ikashuka sakafuni juu ya vipande vya barafu. Vaimoana akaipitia namba kwa namba, midomo ikitembea bila sauti. Walikosekana wachache tu, waliokuwa safarini. Kijiji kizima kilikuwa pale kimekunjwa ndani ya karatasi.

"Na ya mjomba wako?" akauliza kwa sauti ndogo, akitazama pembeni.

"Namba sitaji," akasema Hulita. "Lakini hakuna mjomba wangu aliyeninyima kitu."

Vaimoana akamkumbatia binti yake, wakarukaruka pamoja kama wasichana wa shule, mpaka Daktari Feleti akawakumbusha kuhusu ndege.

Makopo yakaingia kwenye sanduku la barafu, kubwa, zito. Wakalipeleka kwa gari la zahanati hadi uwanjani, pale barabara inapokatiza njia ya ndege. Wakalishusha. Ndipo ikaonekana kwamba mwenye kitoroli hakuja kazini, na sanduku lina safari ndefu hadi mlango wa ndege. Feleti akajaribu kulinyanyua, akaliweka chini haraka, akashika kiuno.

Mtu mrefu akatokea kutoka kivuli cha banda la abiria. Alikuwa amenyoa. Alikuwa amevaa shati jeupe na mkeka wa heshima kiunoni, ule ambao mtu huvaa kwa mazishi, kwa kanisa au kwa mfalme. Vaimoana alipomtambua akarudi nyuma hatua kadhaa, akainamisha kichwa. Kaka naye alisimama mbali kiasi kile kile. Luseane, aliyekuja kuwasindikiza, akabaki katikati.

"Mke wangu," akasema Penisimani, akitazama anga, "mwulize dada yangu kama huu ndio mzigo wake."

"Wifi, anauliza kama huu ndio mzigo wako."

"Mwambie ndio," akasema Vaimoana, akitazama nyasi.

"Anasema ndio."

"Mwambie dada yangu hapaswi kubebewa mzigo na watu wa Vava'u ilhali kaka yake yu hai."

Akainama, akalikumbatia sanduku, akalinyanyua hadi kifuani na kutembea nalo polepole mpaka kwenye ndege, shingo imenyooka, mkeka unachezacheza magotini.

Rubani alikuwa kijana wa kisiwa kikuu cha Tongatapu mwenye miwani ya jua. Akagonga sanduku kwa kidole. "Zito hili, mzee. Mna nini humu?"

"Mzigo wa dada yangu."

"Ndiyo, nimesikia, lakini ndani mna nini? Samaki?"

Penisimani akamtazama. "Sijamwuliza," akasema. "Wewe una dada?"

"Ninao wawili."

"Huwa unawauliza?"

Rubani akavua miwani. Akatazama chini kidogo, kisha akafungua mlango wa mbele badala ya ule wa mizigo. "Liweke hapa," akasema, "karibu na mimi, lisije likadondoka."

Ndege ilipopaa ikapinda juu ya matumbawe kuelekea kusini, Luseane alikuwa ameshaanza kucheka. Vaimoana akajaribu kuzuia, akashindwa. Na kutoka upande wa pili wa uwanja, mbali kama heshima inavyotaka, amewapa mgongo na mabega yanatikisika, Penisimani alikuwa anacheka pia.